Asilimia ya Taifa na Chupa ya Fomalini: Jeni za Saratani ya Utumbo Mpana Zikitazamwa Kutoka Lamu

Tafiti zinazohesabu mabadiliko ya jeni katika wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana zimekuwa nyingi, na karibu zote huandikwa kwa mtindo mmoja: nchi fulani, wagonjwa kadhaa, jeni ya KRAS imebadilika kwa asilimia kadha, BRAF kwa asilimia kadha, kisha ulinganisho na Ulaya au Asia. Mimi ni mtu wa maabara, kazi niliyoifanya Lamu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tafiti hizo huzisoma kwa hamu kwa kuwa najua zinaanzia wapi: katika chupa ndogo ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama iliyotolewa mwilini, ambayo mtu kama mimi ameibandika karatasi yenye jina, umri na tarehe, akaikaza kifuniko isije ikavuja ndani ya boti ya Mokowe, akamkabidhi mtu anayepanda basi la Mombasa. Ninaloliamini, baada ya kuzifunga chupa hizo kwa miaka mingi, ni kwamba asilimia ya taifa hueleza habari za wale ambao chupa zao zilifika, na kwamba mgonjwa wa Lamu au wa Malindi hapaswi kutibiwa kwa asilimia hiyo. Anastahili uvimbe wake mwenyewe upimwe, na ukoo wake uulizwe.

Kabla ya hayo, kuna mambo mawili ya kutenganisha ambayo hata magazeti huyachanganya. Yako mabadiliko ya jeni yanayotokea ndani ya uvimbe tu, katika seli za utumbo wa mtu aliyekwisha kuzaliwa na kukua. Hayo hakuyarithi kwa wazazi wake wala hatawarithisha wanawe. Na yako mabadiliko ambayo mtu huzaliwa nayo, yakawa katika kila seli ya mwili wake, kwenye damu na kwenye mate, na yanaweza kupita kwa kizazi kinachofuata. Wagonjwa walio wengi ni wa fungu la kwanza. Hali ya kurithi iliyo ya kawaida zaidi, iitwayo Lynch, huhusika na takriban wagonjwa 3 tu katika kila 100 wa saratani ya utumbo mpana. Shangazi yangu alipoambiwa kwamba katika majibu yake jeni imebadilika, nyumba nzima iliingia hofu. Mabinti wakawa wanaulizana ni nani aliyerithi, na posa moja nusura ivunjike, ilhali karatasi ilikuwa imeandikwa KRAS, jeni ambayo katika ugonjwa huu hubadilika ndani ya uvimbe wenyewe. Hakuna aliyewaeleza. Aliyewapa karatasi aliwapa karatasi tu.

Mpangilio wa mabadiliko hayo ya uvimbe ulielezwa mwaka 1990 na Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani. Walionyesha kwamba saratani hii huja kwa hatua: ngozi laini ya ndani ya utumbo huota kinyama kidogo kiitwacho polipu, kinyama hukua, na kila hatua hufuatana na jeni nyingine kuharibika, safari ambayo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Jeni ya APC huwa miongoni mwa za kwanza, nayo hukutwa imeharibika katika uvimbe takriban 80 kwa kila 100 katika tafiti za Marekani na Ulaya. KRAS hufuata, katika takriban 40 kwa 100. TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika, huharibika baadaye katika zaidi ya nusu ya uvimbe. Miaka hiyo 10 ndiyo inayofanya ugonjwa huu uwe miongoni mwa saratani chache zinazoweza kukatwa kabla hazijawa saratani, kwa maana polipu ikionekana kwa kamera inayoingizwa utumboni huondolewa papo hapo.

KRAS imepata umaarufu kuliko nyingine kwa sababu ya dawa. Jeni hii huongoza utengenezaji wa protini inayopokea amri kutoka juu ya seli na kuipeleka kwenye kiini ili seli igawanyike. Katika uzima, protini hiyo huamka kwa muda mfupi amri inapokuja, kisha hujizima yenyewe. Herufi moja ya jeni ikibadilika katika kodoni, yaani fungu la herufi tatu, ya 12 au ya 13, protini hushindwa kujizima, na seli huendelea kugawanyika hata pale ambapo hakuna amri yoyote iliyotolewa. Dawa za cetuximab na panitumumab ni kingamwili zinazokiziba kipokezi cha EGFR kilicho juu ya seli, pale amri inapoingilia. Mwaka 2008 ilidhihirika, baada ya kupimwa upya vipande vya uvimbe vya wagonjwa walioshiriki majaribio ya dawa hizo, kwamba wenye KRAS iliyobadilika hawakufaidika nazo: kipokezi kimezibwa juu, lakini amri inatoka chini yake. Baadaye ikaonekana kwamba NRAS, ambayo hubadilika katika wagonjwa 3 hadi 5 kwa 100, ina athari ile ile. Tangu hapo kupima jeni hizi kabla ya kutoa dawa kumekuwa sharti, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kila nchi kutaka kujua hesabu yake. Waziri wa afya au bima inayolipia dawa hutaka kujua ni wangapi watafaa.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe inavyopatikana, maana hapa ndipo penye mambo ambayo msomaji wa muhtasari hayaoni.

Nyama ikishatolewa mwilini, seli zake huanza kujimeng'enya mara moja, na fomalini huwekwa ili kuzuia hilo. Inayofaa ni fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, na ujazo wake uwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nimewahi kupokea kipande kizima cha utumbo kilichoshindiliwa ndani ya chupa iliyokuwa ya achari, fomalini imefika nusu, na nje ni jua la kaskazi. Nyama ya namna hiyo huoza katikati ilhali juu inaonekana imekauka vizuri. Na nyama nyingine hukaa kwenye fomalini kupita kiasi, kwa sababu bahari imechafuka, au basi limechelewa njiani, au mwenye mgonjwa bado anatafuta pesa za kipimo. Mwanapatholojia wa Mombasa au wa Nairobi akiitia nta, akaikata na kuitazama kwa hadubini, bado anaweza kusema kwa uhakika kwamba hii ni saratani. DNA iliyomo, hata hivyo, imekwisha kukatika vipande vifupi. Tena fomalini ina tabia ya kuiharibu herufi C ya DNA hadi mashine ikaisoma T, na hivyo kuzalisha mabadiliko ambayo mgonjwa hakuwa nayo kabisa. Bloku ya nta iliyokaa kabatini miaka mingi huzidi kuharibika. Tafiti nyingi za nchi zetu hutegemea bloku za makabati hayo, nazo zinapoandika kwamba sampuli kadhaa ziliachwa kwa kuwa DNA yake haikufaa, mimi huisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu najua zilizoachwa zilitoka wapi. Si za hospitali iliyo mtaa wa pili kutoka maabara.

Kisha kuna suala la kipimo. Uvimbe si saratani tupu. Ndani yake mna misuli, mishipa ya damu, seli za kinga na makovu. Chukua uvimbe ambao seli za saratani ni 30 katika kila 100. Kwa kuwa KRAS kwa kawaida hubadilika katika nakala moja kati ya mbili zilizomo ndani ya seli, nakala zilizobadilika zitakuwa 15 tu katika kila 100 za jeni hiyo. Njia ya zamani ya kusoma DNA, ile iliyobuniwa na Frederick Sanger mwaka 1977 na ambayo bado hutumika sana, huanza kuona mabadiliko yanapofika takriban 15 au 20 kwa 100. Uvimbe huo basi uko pale pale kwenye ukingo, na majibu yanaweza kurudi kwamba hakuna mabadiliko. Mashine mpya zinazosoma vipande vingi kwa pamoja huona hata 5 kwa 100 au chini ya hapo. Nchi mbili zikitumia njia hizi mbili tofauti zitatoa asilimia tofauti hata kama wagonjwa wao wangekuwa mapacha. Ongeza kwamba tafiti za zamani zilipima kodoni za 12 na 13 peke yake, ilhali za sasa hupima pia ya 61, ya 117 na ya 146, na utaona kwa nini jedwali linalopanga nchi kumi kwa mstari mmoja mimi hulitazama kwa jicho la pembeni.

Baada ya kipimo, kuna wagonjwa wenyewe, na hili kwangu ni zito kuliko yote. Utumbo mpana una upande wa kulia na wa kushoto, na jeni zinazobadilika hazifanani pande hizo. Mabadiliko ya BRAF yaitwayo V600E, ambayo Ulaya na Marekani hukutwa kwa takriban wagonjwa 8 hadi 10 katika 100, hupenda upande wa kulia, na hupatikana zaidi kwa wanawake wenye umri mkubwa. Saratani ya upande wa kushoto na ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, hutoa damu inayoonekana chooni, huziba njia, humfanya mtu ahisi haja haijamalizika. Ya upande wa kulia huvuja damu polepole isiyoonekana kwa macho. Mgonjwa huchoka, huenda mbio moyo, huwa mweupe viganja. Kwetu pwani mtu wa namna hiyo huambiwa ana safura, hupewa dawa za minyoo na vidonge vya madini ya chuma, na bibi mwenye miaka 70 akizidi kudhoofika watu husema ni uzee. Huyo hafikiwi na kamera, hatolewi kipande cha nyama cha kupimwa, na haingii katika hesabu. Aliye na damu chooni naye hupitia njia yake ndefu ya kutibiwa bawasiri kwa dawa za majani na za dukani, lakini hatimaye daktari akimpima kwa kidole anaweza kuugusa uvimbe wa puru. Hivyo kundi linalokusanywa huwa limeelemea puru na umri wa chini. Utafiti ukitangaza kwamba watu wa nchi fulani ya Afrika wana BRAF chache, inawezekana ni kweli, na inawezekana pia kwamba wenye BRAF walizikwa kwa jina la safura.

Idadi pia ina neno lake. Utafiti wa wagonjwa 50 ukikuta 20 wana KRAS iliyobadilika, utaandika asilimia 40. Lakini kwa kanuni za takwimu, ukweli wa kundi kubwa unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 28 na 54. Ukiwa na wagonjwa 400, upana huo hupungua ukawa kati ya 35 na 45. Sisi watu wa maabara, tukiwa tumezoea kuandika namba moja kwenye karatasi ya majibu, hatupendi upana huu, lakini ndio uungwana wa hesabu.

Basi taifa ni kipimo gani cha jeni? Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani za aina zote 44,726 katika mwaka 2022, na vifo 29,317, kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Ni makadirio, kwa sababu rejista za saratani zilizodumu muda mrefu nchini ni za Nairobi na Eldoret, na sehemu nyingine hukadiriwa kutokana na hizo. Ukisema jeni za Wakenya, umewatia ndani ya neno moja Mbajuni wa Faza, Mgiriama wa viunga vya Malindi, Mwaweer wa msitu wa Boni, Mkikuyu wa Mpeketoni na Mluo wa kando ya ziwa, watu ambao mipaka iliyowakusanya ina umri wa zaidi kidogo ya miaka 100, na ambao mababu zao hawakuoana kwa kufuata mipaka hiyo.

Hapa kwetu tumebahatika kuwa na ushahidi ambao wengi hawana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Manda na Faza katika visiwa vyetu hivi, pamoja na Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, Uajemi kwanza na Bara Hindi pia, huku wazee wa Kiajemi waliochangia wakiwa wanaume zaidi, na kuchanganyika huko kukianza takriban mwaka 1000. Baadhi ya masharifu na waungwana wa mtaani waliipokea habari hiyo kwa furaha, wengine kwa ubishi, na barazani palikuwa na maneno mengi. Uchunguzi ule haukuhusu saratani hata chembe. Kwa mtu wa kazi yangu unasema jambo moja: kama kuna jeni za kurithi za kutafutwa Lamu, orodha ya kutafutia haiwezi kuwa ya Nairobi peke yake wala ya London peke yake.

Kwa upande wa uvimbe, Afrika Magharibi imekwisha kuonyesha kwamba kupima kwenyewe kuna faida. Mwaka 2021 watafiti wa Nigeria wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba uvimbe wa wagonjwa wa Nigeria ulikuwa na kasoro ya kusahihisha DNA kwa kiwango kikubwa kuliko wa wagonjwa wa Marekani, na kwamba katika uvimbe usio na kasoro hiyo, APC ilikutwa imeharibika kwa uchache zaidi, na jeni za njia ya RAS, ambayo KRAS ni mojawapo, kwa wingi zaidi. Sisemi kwamba Mnigeria ndiye Mswahili. Nasema kwamba miaka mingi tulifundishwa ugonjwa huu kuwa si wa Waafrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya chakula chao chenye makapi mengi. Alichokiona alikiona, wala sina haki ya kumbishia kuhusu wakati wake. Tatizo ni kwamba kauli ile ilibaki vichwani mwa matabibu baada ya vyakula kubadilika na watu kuanza kuishi miaka mingi zaidi, na mpaka leo kijana wa miaka 35 mwenye damu chooni huandikiwa dawa ya bawasiri bila kupimwa kwa kidole.

Nimelichelewesha suala la kurithi kwa makusudi, kwa sababu ndilo ambalo watu wa pwani wanaweza kulifanyia kazi kuliko wengi.

Mwaka 1895 mshonaji mmoja wa nguo katika jimbo la Michigan alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo watu wa nyumba yao wanavyokufa. Ikawa kama alivyosema. Warthin aliufuatilia ukoo wake na kuuandika mwaka 1913. Henry Lynch akaeleza koo nyingine za namna hiyo mwaka 1966, na hali hiyo ikachukua jina lake. Jeni zenyewe zilianza kutambuliwa mwaka 1993, MSH2 kwanza na MLH1 mara baada yake, kisha MSH6 na PMS2. Kazi ya protini zake ni ya mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mwanafunzi akisoma na kumsimamisha kila anapokosea herufi: DNA inaponakiliwa, zenyewe hupita nyuma na kusahihisha. Mwalimu akiondoka, makosa hurundikana, na saratani huja mapema, mara nyingi kabla ya miaka 50, kwenye utumbo mpana na, kwa wanawake, kwenye mji wa mimba. Mtu mwenye hali hii ana nafasi moja kati ya mbili ya kumrithisha kila mtoto, awe ameoa binti ami au ameoa mgeni kutoka bara.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya maneno ya watu. Kila familia yenye saratani mbili ikionekana, utasikia kwamba ni kwa sababu ya kuoana damu moja. Kwa Lynch si kweli, maana nakala moja mbovu inatosha. Lakini ipo hali nyingine ambayo maneno hayo yana msingi. Mwaka 2002 watafiti wa Cardiff walieleza hali inayotokana na jeni ya MUTYH, ambapo mtu huota polipu nyingi, makumi mara nyingi, na hatimaye saratani. Hii inahitaji nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wenyewe kwa kawaida hawaugui. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Binamu wa kwanza hushirikiana sehemu moja ya nane ya jeni zao, kwa hiyo mbebaji akimwoa binamu yake, nafasi ya mwenzake kuwa na nakala ile ile ni kubwa kuliko angeoa mtu wa mbali. Tena nakala mbovu za MUTYH hazifanani duniani: Ulaya zina mbili zinazojulikana sana, familia zenye asili ya Pakistan zina yao, na zenye asili ya Gujarat zina yao. Maabara inayotafuta zile mbili za Ulaya tu katika damu ya mtu wa Lamu inaweza kumpa majibu ya amani yasiyo na amani. Hata jeni ikisomwa yote, watu wetu hupewa mara nyingi zaidi majibu ya mabadiliko yasiyojulikana maana yake, kwa kuwa hazina za DNA za kulinganishia zimejaa Wazungu.

Kinyume na hayo, sisi tuna nasaba. Mzee wa Mkomani au wa Langoni anaweza kukutajia vizazi saba bila kutazama karatasi, nani alioa wapi, nani alihamia Siyu, nani aliacha mke Barawa. Huko Marekani washauri wa jeni hutumia saa nzima kumsaidia mgonjwa akumbuke jina la bibi yake. Kinachokosekana kwetu ni sababu za vifo. Nasaba zetu huandika heshima na huficha maradhi, na mwanamke aliyekufa kwa ugonjwa wa chini hutajwa kwamba aliumwa tumbo tu. Nilipomuuliza ami yangu, mwenye kuhifadhi ukoo wetu, kuhusu dada zake wawili waliofariki wakiwa hawajafika miaka 50, alinijibu, "Mwanangu, hayo si ya kuandikwa," na kwa adabu nikanyamaza. Siku nyingine alinieleza mwenyewe, nikaandika.

Thamani ya kuandika imeonekana Afrika Kusini. Katika jimbo la Northern Cape koo kadhaa ziligundulika kubeba badiliko moja na lile lile la MLH1, kutoka kwa mzazi wao mmoja wa zamani. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliwafuata ndugu mmoja baada ya mwingine kwa kutumia miti ya koo, kikawapima damu, na timu ikawa inasafiri na kamera za utumbo kuwafikia waliobeba badiliko hilo katika miji yao midogo. Waliokuwa wakipimwa kwa kamera mara kwa mara waliishi muda mrefu zaidi kuliko wasiopimwa. Katika koo hizo mtu mmoja akishatambuliwa, kumpima ndugu yake ni rahisi mno, kwa kuwa mahali pa kutazama katika DNA pamekwisha kujulikana.

Kwa mfuko wetu ulivyo, sianzi na mashine ya kusoma jeni zote. Ipo njia ya kupaka kipande kile kile cha bloku ya nta rangi nne zenye kingamwili, kila moja ikitafuta protini moja kati ya MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mwanapatholojia mwenye vifaa vya kawaida vya kupaka kingamwili, vile vinavyotumika kwa saratani ya matiti, anaweza kuifanya, na nyama iliyoteseka kidogo kwenye fomalini mara nyingi bado hujibu. Protini zote zikiwapo, Lynch huwa haielekei. MLH1 ikikosekana, hutafutwa kwanza badiliko la BRAF V600E, kwa maana likiwapo, hasara ile karibu kila mara imezaliwa ndani ya uvimbe wala haikurithiwa. Lisipokuwapo, au ikiwa iliyokosekana ni MSH2, MSH6 au PMS2, mgonjwa huombwa damu, na ndugu zake huitwa kwa ridhaa yao. Kipimo hicho kina faida ya pili: uvimbe uliopoteza protini hizo huitikia dawa za kuamsha kinga ya mwili kama pembrolizumab, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2020 kuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wa namna hiyo ambao saratani imesambaa. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya watu wa huku, na hilo sina la kulipamba.

Ndugu wanaobeba MLH1 au MSH2 mbovu hushauriwa kupigwa kamera ya utumbo mpana kila mwaka au kila miaka miwili, kuanzia umri wa takriban miaka 25. Mtu wa Pate kwenda Mombasa kwa ajili hiyo, amefunga kula na anatumia dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo, huku yuko ndani ya boti na kisha basi la kupitia Witu na Garsen, ni jambo ambalo atalifanya mara moja, na mara ya pili atatafuta udhuru. Kambi za macho zimekuwa zikija Lamu na madaktari wao na vifaa vyao, wazee wakafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kurudi nyumbani siku ile ile. Kamera ya utumbo huingia ndani ya boksi moja, na ile mashine ya kuiosha ndani ya jingine. Inachohitaji ni umeme usiokatika, maji safi, muuguzi aliyefundishwa, na orodha ya majina ya kuanzia. Orodha hiyo naanza kuiandika kwenye fomu yangu mwenyewe ya kupelekea sampuli: chini ya umri na mahali uvimbe ulipo, nimeongeza kwa kalamu mstari wa kuuliza ni nani mwingine katika ukoo aliyeugua, alikuwa na umri gani, na kama wazazi wa mgonjwa ni binamu.